Kofia za Baridi katika Picha za Vita vya Krimea: Jina na Ushahidi

Picha ya kale huhesabiwa kuwa shahidi mwaminifu, lakini ni shahidi asiye na ulimi. Anayemsemea ni yule aandikaye maelezo chini yake, na aghalabu kosa la historia huanzia hapo. Jambo hili hudhihirika vema katika picha za Vita vya Krimea (1853–1856), hasa zile zinazoonyesha askari wa Uingereza katika mavazi ya baridi. Mtazamaji wa leo akiona kichwa kilichofunikwa hadi masikioni, huwa mwepesi kukiita kifuniko hicho balaklava, yaani kofia ya sufu iliyofumwa, ifunikayo kichwa, masikio na shingo, na kuacha uso au macho tu. Jina hilo laonekana kufaa, kwa kuwa Balaklava ni mahali palipopiganiwa vita vyenyewe. Hata hivyo, kufaa huko ndiko kunakopotosha.

Balaklava ni bandari ndogo karibu na Sevastopol. Mwaka 1854 Waingereza waliifanya kituo cha kuteremshia shehena zao, na tarehe 25 Oktoba mwaka huo pakawa na mapigano mashuhuri karibu nayo. Vita hivyo viliacha majina kadhaa katika mavazi ya Waingereza. Sweta iliyo wazi mbele na yenye vifungo ilipewa jina la Earl wa Cardigan, aliyeongoza kikosi cha wapanda farasi siku hiyo. Mkono wa koti unaoanzia shingoni pasipo mshono wa begani ulipewa jina la Lord Raglan, amiri wa majeshi ya Uingereza. Kuhusu kofia, mambo ni tofauti kidogo. Watu wa Uingereza walifuma nguo za sufu na kuwapelekea askari, na kofia zilikuwa miongoni mwake. Lakini jina la balaklava kwa maana ya kofia lilianza kuonekana katika maandishi yaliyochapwa miaka ya 1880, yapata robo karne baada ya vita kwisha. Askari wa mwaka 1855 aliivaa kofia yake bila kuijua kwa jina hilo.

Kasoro ya pili inahusu wakati. Tarehe 14 Novemba 1854 tufani kali iliipiga pwani ya Balaklava na kuzamisha meli nyingi. Mojawapo ilikuwa Prince, iliyosheheni nguo za baridi za jeshi. Miezi iliyofuata ilikuwa ya mateso makubwa: askari walikaa mahandakini katika theluji na matope, wakiwa na nguo zilizochakaa, na maradhi yakawaua wengi kuliko risasi. Habari hizo zilipofika London kupitia gazeti la The Times, ghadhabu ya wananchi ilikuwa kubwa hata serikali ya Lord Aberdeen ikaanguka mwishoni mwa Januari 1855.

Roger Fenton, mpiga picha aliyetumwa na kampuni ya Thomas Agnew ya Manchester, alifika Balaklava mwezi Machi 1855 na kuondoka mwezi Juni. Alirudi na picha zipatazo 360. Miongoni mwake imo ile ya askari wa Kikosi cha 68 iitwayo, kwa tafsiri, "katika mavazi ya baridi". Kwa ufundi wa siku hizo, kioo kilipakwa dawa na kutumiwa kingali kibichi, na aliyepigwa picha alilazimika kutulia sekunde kadhaa. Kwa hiyo askari hao walipangwa na kusimamishwa. Lililo zito zaidi ni kwamba walipigwa picha wakati ule mbaya kupita wote ulipokwisha pita, na nguo zilizokosekana zilipokwisha wasili. Mwandishi anayeandika chini ya picha kama hiyo kwamba "askari wa Uingereza walivaa hivi katika majira ya baridi ya 1854" anawavika nguo watu waliokufa kwa kuzikosa.

Basi, utambuzi wa kofia katika picha unahitaji maswali matatu, kila moja kwa nafasi yake. La kwanza: ni nini kinachoonekana? Manyoya na yaandikwe manyoya. Uzi uliofumwa na uandikwe hivyo. Na kofia iliyoshonwa pamoja na koti isichanganywe na ile inayovaliwa peke yake. La pili: picha ilipigwa lini, na kwa agizo la nani? La tatu: jina linalotumiwa lilikuwako wakati huo, au lilizaliwa baadaye? Anayeanza na swali la tatu hujikuta akiona kile ambacho jina limemwambia akione.

Hapa Kiswahili kina msaada wake. Nchini Kenya kofia ya sufu ya kufunika kichwa na masikio huitwa boshori. Tanzania huitwa mzula. Maneno haya hutaja kitu kwa umbo na matumizi yake, wala hayamfungi msemaji kwenye bandari au mapigano yoyote. Mfasiri wa maelezo ya picha za Krimea aandikaye "boshori ya sufu", pale sufu inapoonekana kweli, amesema alichokiona bila kuongeza historia ya miaka ya baadaye.

Lakini maneno hayo nayo yana mipaka, na kwa msomaji wa Kenya mipaka hiyo si jambo dogo. Katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, na hasa katika msako wa Nairobi wa Aprili 1954, washukiwa walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa gunia lenye matundu ya macho, ambao waliwatambua kwa ishara. Wagikuyu waliwaita gakunia, kwa jina la gunia lenyewe. Mtu akitazama umbo peke yake, angeweza kuandika chini ya picha ya mtu kama huyo neno "boshori". Angekuwa amegeuza chombo cha kutia watu kizuizini kuwa vazi la kujikinga na baridi, na ushahidi ungepotea ingawa picha ingebaki.

Kwa sababu hiyo, watunzaji wa nyaraka na watungaji wa kamusi wanahitajiana. Kamusi inayoeleza kofia kwa neno "kofia" tu haimsaidii mtunza nyaraka. Yafaa itaje kitu kimetengenezwa kwa nini, kinafunika wapi, kinavaliwa na nani, na neno lake limetumika tangu lini. Mtunza nyaraka naye akiandika tarehe ya picha kando ya tarehe ya neno, atakayekuja baada yake ataweza kupima maelezo hayo kabla ya kuyaamini.