Fahamu namna ya kuanza mbio za baiskeli za barabarani ukiwa mtu mzima

Mwezi Septemba 2025 Jiji la Kigali lilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani, yaliyofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Mbio kuu za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, na mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Kwa wakazi wa Nyamahanga na maeneo mengine ya wilaya za Ngara na Biharamulo, Rwanda ni ng'ambo tu ya daraja la Rusumo.

Katika maeneo haya baiskeli ni chombo cha kazi. Mtu mzima aliyezoea kupandisha mkungu wa ndizi mlimani tayari ana miguu na pumzi. Anachokosa mara nyingi ni ustadi wa kwenda kasi akiwa karibu na wenzake. Umri nao si kizuizi. Primož Roglič, bingwa wa Olimpiki ya Tokyo katika mbio dhidi ya saa, alikuwa mrukaji wa skii na aliihamia baiskeli akiwa amekwisha kupita miaka 20.

Baiskeli ya kwanza si lazima iwe ya gharama kubwa. Lililo muhimu ni fremu inayolingana na kimo, breki zinazoshika na kofia ngumu. Kiti huwekwa katika urefu ambao kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unanyooka. Mazoezi mengi yafanywe kwa mwendo unaomwezesha mwendeshaji kuzungumza bila kuhema. Siku moja au mbili kwa wiki zatosha kwa kasi na milima. Katika safari inayozidi saa moja na nusu, abebe maji na chakula, na ndizi mbivu yafaa kabisa.

Somo gumu zaidi ni kundi. Anayekaa nyuma ya mwenzake hukingwa upepo na kuokoa nguvu nyingi, ndiyo maana washindani husongamana. Lakini tairi la mbele likigusa la nyuma la mwenzake, anayeanguka kwa kawaida ni yule wa nyuma. Hivyo anayeanza aache nafasi ya kutosha, aende bila kuyumba, atoe ishara ya mkono penye shimo, na asifunge breki ghafla.

Barabara ya Nyakanazi kwenda Rusumo hupitisha malori mengi yaendayo Rwanda na Burundi. Mazoezi yafanyike asubuhi baada ya kupambazuka, kwa mavazi ya rangi angavu, na ikibidi katika njia za vijijini. Kushika lori ili kuvutwa mlimani, jambo ambalo baadhi ya vijana huliona ni werevu, ni kuhatarisha maisha. Kwenye mteremko, kasi ipunguzwe kabla ya kona, si ndani yake.

Mchezo huu nchini husimamiwa na Chama cha Baiskeli Tanzania (CHABATA), chini ya Baraza la Michezo la Taifa lililoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967. Mwananchi anayetaka kuunda klabu aanzie kwa Afisa Michezo wa wilaya yake.

Atakayevuka Rusumo kwenda kushindana akumbuke kuwa Tanzania magari hupita kushoto, ilhali Rwanda hupita kulia.