Bikini: kurudi nyumbani ni kula nini?

Kila mjadala wa watu waliofurushwa makwao ukianza huku mtandaoni, lazima mtu aseme "si warudishwe tu kwao." Hata mimi niliwahi kuandika hivyo. Kilichonibadilisha ni kusoma habari za Bikini, visiwa vya matumbawe kule Marshall, bahari ya Pasifiki.

Februari 1946 afisa wa jeshi la majini la Marekani aliwaomba wenyeji wahame kwa muda, ati bomu lijaribiwe kwa faida ya binadamu wote. Walikuwa 167. Kwanza walipelekwa Rongerik, njaa ikawapiga vibaya, na kufikia mwisho wa 1948 wakaishia Kili. Kili haina maji tulivu ya kuvulia. Bahari ikichafuka, mashua hazitoki, na hawa ni wavuvi. Bikini nako kukafanyiwa majaribio 23 hadi 1958. Lile la Machi 1, 1954 lilikuwa na nguvu kama mara 1,000 ya bomu la Hiroshima.

Sasa tuje kwa kurudi.

Mwaka 1968 rais wa Marekani alitangaza kwamba watu wa Bikini wanaweza kurudishwa. Nyumba zikajengwa, minazi mipya ikapandwa. Baraza la wenyeji lenyewe lilikuwa na wasiwasi. 1972 likasema jamii nzima isirudi bado, ila anayetaka aende. Familia kadhaa zikaenda.

Hapa ndipo mambo yaliharibika. Udongo wa matumbawe hauna potasiamu ya kutosha. Seziamu-137, mabaki ya bomu, inafanana nayo kikemia, kwa hivyo mnazi unaifyonza na kuipandisha hadi kwenye nazi. Yaani mtu anaweza kupima mionzi ya hewani, akasema pako sawa, kisha akapanda ndege aende zake. Anayebaki ndiye anakula nazi kila siku.

Wenyeji walienda mahakamani Marekani 1975 kudai kisiwa kipimwe ipasavyo. Miili yao ilipopimwa, seziamu ilikuwa inapanda. 1978 wakahamishwa tena.

Wanasayansi wanasema mbolea ya potasiamu hupunguza sana seziamu kwenye mazao. Wengi wa wenyeji walitaka udongo wa juu ukwanguliwe wote, hata kama ni ghali na unabeba rutuba. Kusema kweli, ningekuwa mimi pia ningetaka ukwanguliwe. Ukishadanganywa mara moja, utaaminije mbolea?

2001 baraza la madai ya nyuklia la Marshall liliamua walipwe zaidi ya dola milioni 563, zikiwemo za kusafisha kisiwa. Halikuwa na pesa hizo. Wakarudi mahakamani Marekani, na 2010 Mahakama ya Juu ikakataa kusikiliza kesi.

Kesho nitaandika kuhusu jirani zao wa Rongelap. Wao walirudishwa 1957, wakaamua kuondoka wenyewe 1985.