Kipimo cha Shule Katika Nchi Yetu

Kila tulinganishapo shule, macho yetu hutangulia kwenye mabati na kuta. Waliotutangulia walikuwa na kipimo kingine. Maseno, iliyofunguliwa na Misheni ya CMS mwaka 1906, ilikuwa na walimu wa Kizungu. Shule nyingi za vijijini zilikuwa kibanda cha nyasi, mwalimu mmoja na kitabu cha dini. Hata hivyo, mwaka 1908 wanafunzi wa Maseno wenyewe waligoma, wakikataa kazi za mikono na kudai masomo zaidi. Mwaka 1921, mkutano wa Piny Owacho uliitaka Serikali ijenge shule yake. Ile ya Kakamega ilifunguliwa mwaka 1932. Mtoto aliyezaliwa siku ya mkutano alikuwa amekwisha kupita umri wa kuanza kusoma.

Ada ilipofutwa mwaka 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka nchini, na madarasa yakafurika. Basi tukilinganisha shule za Nyalenda na za Seme au Nyakach, tusihesabu walioandikishwa tu. Na tuulize kama vijana wale wa 1908: watoto wanafundishwa nini, na ni nani awafundishaye?