Muhogo Mchungu na Muhogo wa Chungu

Leo hatutazungumza habari za wafalme wala za vita. Karibuni jikoni, tukae karibu na mafiga, tutazame vitu vilivyomo chunguni, kisha tutazame jinsi tunavyoviandika majina yake. Mtaona kwamba mambo haya mawili ni ndugu.

Fikirini nyumba moja ya Matambarale wakati wa jioni. Mama ataka kuoka mkate. Sufuria iko tayari, na makaa yatawekwa chini na juu ya kifuniko. Amtuma mwanawe dukani, na mtoto aandika katika karatasi: “sukali, amira, unga wa mandazi.” Mwenye duka asoma, acheka kidogo, ampa sukari, hamira na unga wa ngano. Mkate waumuka vizuri. Basi mtoto auliza, “Mwalimu, ikiwa mwenye duka amefahamu, kosa langu lina hasara gani?”

Swali hili ni la haki, na silijibu kwa fimbo. Nalijibu kwa hadithi niliyoambiwa na mwanafunzi wangu mmoja. Babu yake alimwamuru aandike barua fupi ya kufuatana na kikapu cha muhogo, kipelekwe kwa shangazi yake aliyeolewa pwani. Babu alisema, “Mwambie ni muhogo mchungu.” Kijana, kwa haraka, akaandika “muhogo wa chungu.” Shangazi alizoea muhogo mtamu, nao huliwa siku ile ile. Aliposomewa barua alidhani kaka yake amemchagulia muhogo mzuri wa kupika chunguni. Akaumenya, akautia motoni. Usiku ule watoto wake walitapika, wakashikwa na kizunguzungu, na hata alfajiri nyumba nzima haikulala. Kwa rehema ya Mungu walipona. Kijana aliniambia, “Mwalimu, kalamu yangu ilitaka kuua binamu zangu.”

Muhogo mchungu una sumu iitwayo sayanaidi. Ndiyo maana bibi zetu huumenya, huulowesha siku kadhaa, kisha huuanika juani mpaka ukauke kabisa, ndipo hutwangwa uwe unga. Wakati wa njaa watu hufupisha kazi hiyo, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza habari za ugonjwa wa kupooza miguu katika nchi ya Kongo, nao waitwa konzo. Miaka ya 2002 na 2003 ugonjwa huo uliwapata watu wa Mkoa wa Mtwara, jirani zetu, waliokula muhogo mchungu usiotengenezwa sawasawa. Basi maneno mawili, “mchungu” na “wa chungu,” yana umbali mkubwa kuliko yanavyosikika.

Sasa tuulize: muhogo huu ulitoka wapi? Wengi hudhani ni wa babu zetu tangu mwanzo wa dunia. Sivyo. Muhogo, mahindi, karanga na mikorosho, vyote asili yake ni Amerika. Vilifika Afrika baada ya Wareno kuanza kuzunguka bahari, katika karne ya 16 na zilizofuata. Kabla ya hapo wazee wetu walikula zaidi mtama, uwele, kunde na mbaazi. Mkate wenyewe si mgeni. Watu wa pwani walioka mkate wa mofa kwa unga wa mtama, na mahali pa hamira walitia tembo la mnazi ili unga uchachuke. Kwa hiyo mama asiyepata unga wa ngano asione haya kuoka mkate wa mtama au wa muhogo uliotengenezwa vema. Arudia kazi ya kale.

Majina ya vitu vya jikoni nayo yanatuonyesha njia ya safari zake. Hamira na sukari ni maneno ya Kiarabu. Chapati ni la Kihindi. Meza tunayowekea chakula ni neno la Kireno. Na maandazi? Hilo ni letu wenyewe. Latoka katika kuandaa, yaani kutengeneza chakula tayari. Kimoja ni andazi, vingi ni ma-andazi. Mtoto aandikapo “mandazi” ameila herufi moja, na pamoja nayo ameila asili ya neno.

Vivyo hivyo neno kaanga. Watoto wengi huandika “kanga mayai,” na msomaji afikiri ni habari ya ndege au ya nguo za mama. Kwa nini a mbili? Kwa sababu zamani katikati yake palikuwa na sauti nyingine. Wakikuyu wa Kenya mpaka leo wakitaka kusema kukaanga husema gukaranga. Kiswahili kina desturi ya kuidondosha sauti hiyo. Jirani zetu Wayao husema kulila, sisi twasema kulia. Wanyanja husema njira, sisi twasema njia. Basi zile a mbili za kaanga ni kama mafiga mawili yaliyobaki baada ya la tatu kuondolewa. Ukiondoa jingine, chungu chaanguka.

Huenda mtu akauliza, ni nani aliyeamua tuandike hivi? Kiswahili kiliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, nazo hazina p, wala v, wala ch. Msomaji alipaswa kukisia. Kisha walikuja wamisionari na herufi za Kirumi, kila mmoja akaandika kwa sikio lake. Mwaka 1925 ulifanyika mkutano wa elimu Dar es Salaam, na mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukakichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule. Mwaka 1930 Halmashauri ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ilianza kazi, na mwaka 1939 ikatolewa kamusi iliyoanzishwa na Frederick Johnson, katibu wake wa kwanza. Tangu mwaka 1967 kazi ya kukitunza Kiswahili katika Tanzania imekuwa mikononi mwa BAKITA.

Basi mtoto wa Nachingwea au Ruangwa aandikaye “sukali” si mjinga. Amezaliwa katika lugha nyingine, nayo haikugawanya l na r kama Kiunguja kinavyogawanya. Mwalimu asimcheke, amwonyeshe. Amwambie kwamba kula ni kazi ya kinywa, na kura hupigwa wakati wa kuchagua kiongozi. Mahali pa mama ni nyumbani kwake, na mahari yake ililipwa zamani.

Nami nisiwaache mkadhani kwamba kuandika kwa herufi safi kwatosha. Nchi yetu ya Nachingwea imeona ushahidi mkubwa. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Waingereza walikosa mafuta ya kupikia na ya kupaka mkate wao. Mwaka 1946 wataalamu wakiongozwa na John Wakefield walizuru, wakaandika kwamba ekari 3,210,000 za karanga zaweza kulimwa katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, ikafika Urambo na Nachingwea. Matrekta yalikuja, reli ikajengwa. Lakini ardhi na mvua havikufuata yale yaliyoandikwa, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule. Pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Kitabu kile hakikuwa na kosa la tahajia. Kosa lake ni kwamba hakikusomwa kwanza mbele ya wenye majembe, waijuao mvua ya kwao.

Kwa hiyo nawapa kazi ndogo, ninyi wanafunzi. Kaeni na bibi au mama, mwandike jinsi wanavyotengeneza muhogo mchungu: waulowesha siku ngapi, waujuaje kuwa umekwisha kuwa salama. Kisha msahihishe mara mbili. Mara ya kwanza kwa kamusi, mpate herufi. Mara ya pili msomeeni bibi kwa sauti, mpate maana. Bibi hajui kusoma, lakini atakuzuia papo hapo ukikosea siku moja.

Yule mwanafunzi wangu alifanya hivyo likizo iliyofuata. Aliandika barua nyingine kwa shangazi yake, akamsomea babu kabla ya kuifunga. Babu akasikiliza mpaka mwisho, akasema, “Sasa peleka.”