Himaya kwa Rangi ya Waridi: Ramani ya 1886

Ramani hii ilitolewa London Julai 1886, ikiwa nyongeza ya gazeti la picha la The Graphic. Milki za Uingereza zimepakwa rangi ya waridi. Kwingine kumeachwa karibu tupu, kana kwamba hakukai watu. Mchoro unafuata kanuni ya mchora ramani Mercator ya 1569, iliyobuniwa kwa ajili ya mabaharia. Kanuni hiyo huzivimbisha nchi zilizo karibu na ncha za dunia. Kanada imetanuka kupita kiasi, na Afrika, iliyo kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi, imenywea. Hilo liliwafaa sana wenye himaya.

Chini ameketi Britannia, mwanamke anayeiwakilisha Uingereza, watu wa makoloni wakimwelekea. Ramani ndogo ya 1786 imewekwa ili msomaji ajionee “maendeleo”.

Miezi michache baada ya ramani hii kutolewa, Uingereza na Ujerumani ziligawana Afrika Mashariki, na Sultani wa Zanzibar akaachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10.

Hata hivyo, mchoraji wa ramani, Walter Crane, alikuwa msoshalisti. Mtazame Atlas, jitu la hekaya za Kigiriki, aliyebeba tufe: mshipi wake umeandikwa, kwa Kiingereza, “Kazi ya Binadamu”.