Kivinjari Kilipoanza Kukumbuka

Mwanzoni wavuti haikuwa na kumbukumbu. Msomaji alipofungua ukurasa, seva ilimpa alichoomba kisha ikamsahau; alipobofya ukurasa wa pili wa tovuti ileile, alipokelewa upya kama mgeni. Mwaka 1994 usahaulifu huo uliikwamisha kampuni ya vivinjari ya Netscape ya California, kwa kuwa mteja wake mmoja alitaka kufanya biashara mtandaoni, na duka lisilojua nani ameweka nini kikapuni haliuzi. Mhandisi Lou Montulli akapata dawa: seva imkabidhi mgeni kipande kidogo cha maandishi, kivinjari kikitunze, na kila mgeni anaporudi kikionyeshe. Hivyo ndivyo vidakuzi vilivyozaliwa.

Montulli hakukusudia kuwapeleleza watu. Aliweka sharti kwamba kidakuzi kisomwe na seva iliyokitoa peke yake. Lakini ukurasa mmoja unaweza kubeba picha kutoka seva nyingi, na kila seva ina haki ya kutoa kidakuzi chake. Kampuni ya matangazo iliyotawanya picha zake katika mamia ya tovuti iliweza kumtambua msomaji yuleyule asubuhi akisoma habari, mchana akitafuta viatu, usiku akiulizia dalili za ugonjwa. DoubleClick, iliyoanza miaka michache baadaye, ilijenga utajiri wake juu ya upenyo huo.

Wahandisi waliliona tatizo mapema. Februari 1997 jopo la viwango vya intaneti, IETF, lilitoa waraka ulioandikwa na David Kristol pamoja na Montulli mwenyewe, ukitaka vidakuzi vya mtu wa tatu, yaani vya seva isiyo ya tovuti inayosomwa, vizuiwe isipokuwa mtumiaji aruhusu. Netscape na Microsoft hazikuufuata. Zote mbili ziliviacha wazi, na watumiaji wengi, ambao hawajawahi hata kufungua ukurasa wa mipangilio, wakaishi na uamuzi ambao hawakujua kwamba umefanyika.

Tangu hapo historia ya faragha kwenye wavuti imekuwa historia ya nani anapanga kivinjari kabla hakijamfikia mtumiaji. Na hapo ndipo programu huria ilipoingia.

Iliingia kwa njia ya kushindwa. Internet Explorer ya Microsoft ilikuwa ikija bure pamoja na Windows, na Netscape ilikuwa ikizama. Tarehe 31 Machi 1998 kampuni hiyo iliuweka hadharani msimbo wa kivinjari chake, yeyote ausome, aubadilishe, ausambaze. Mradi ulipewa jina la Mozilla. Ulijikokota kwa miaka. AOL, iliyokuwa imeinunua Netscape, ilichoka nao mwaka 2003, na Mozilla ikawa taasisi isiyo ya faida, ikiondoka na ahadi ya dola milioni 2 za kuanzia. Tarehe 9 Novemba 2004 ikatoa kivinjari chake, Firefox 1.0. Mwezi uliofuata gazeti la New York Times lilichapisha tangazo la kurasa mbili lililolipiwa na mashabiki wenyewe, likiwa na majina ya maelfu yao.

Watu waliihamia Firefox kwa sababu iliziba madirisha ya matangazo yaliyojirusha usoni na kwa sababu Internet Explorer ilikuwa mlango wazi kwa virusi. Faragha haikuwa neno kuu. Katika hilo Safari ya Apple, iliyotoka mwaka 2003, ilitangulia, maana ilikataa vidakuzi vya mtu wa tatu tangu mwanzo. Safari si programu huria, ila injini yake ilitokana na KHTML, kazi ya watengenezaji wa mradi huria wa KDE.

Afrika Mashariki ilipita njia nyingine. Wengi waliifahamu wavuti kupitia simu ndogo za Nokia zilizokuwa na Opera Mini, kivinjari cha Norway kilichoenea duniani tangu 2006. Kilipendwa kwa kuokoa bando: kila ukurasa ulipitia kwanza kwenye seva za Opera, ukabanwa, kisha ukatumwa simuni. Maana yake ni kwamba hata kurasa zilizolindwa kwa usimbaji zilifunguliwa huko njiani. Kwa mtu aliyekuwa akihesabu shilingi za kila megabaiti, mjadala wa nani anaona nini ulikuwa wa mbali. Leo hesabu imegeuka. Firefox ya Android inakubali kiongezi huria cha uBlock Origin, na kinapozuia matangazo na vifuatiliaji, megabaiti zake hazipakuliwi kabisa. Faragha na bando vinaokolewa pamoja.

Septemba 2008 Google, iliyokuwa imekamilisha ununuzi wa DoubleClick mwaka huohuo, ilileta Chrome. Sehemu kubwa ya msimbo wake, Chromium, ni huria. Ilikuwa nyepesi na ya haraka, na katika miaka michache ikawa ndiyo inayotumiwa zaidi duniani. Kampuni kubwa ya matangazo sasa ilikuwa na mlango ambao wasomaji wengi waliupitia.

Mozilla nayo ilisita. Mwaka 2013 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Jonathan Mayer, aliandika marekebisho ya kuifanya Firefox izuie vidakuzi vya mtu wa tatu bila kuombwa. Vyama vya watangazaji vilikuja juu, na mpango ukaahirishwa hadi ukafa. Lakini msimbo ukiwa huria, wengine hawalazimiki kusubiri. Mradi wa Tor, unaotetea faragha mtandaoni, tayari ulikuwa na kivinjari chake kilichojengwa juu ya Firefox, ambacho hutenga vidakuzi vya kila tovuti ili visikutane. Kuanzia 2016 kazi hiyo ilianza kurudishwa ndani ya Firefox yenyewe. Septemba 2019 Firefox ikaanza kuzuia vidakuzi vya wafuatiliaji wanaojulikana kwa watumiaji wote, na mwaka 2022 ikampa kila mtumiaji wa kompyuta utengaji unaofanana na ule wa Tor. Kufikia 2019 ushauri wa 1997 ulikuwa umekaa kabatini miaka 22.

Google iliahidi Januari 2020 kuviondoa vidakuzi vya mtu wa tatu katika Chrome ndani ya miaka miwili. Ikaahirisha mara kadhaa, na Julai 2024 ikauacha mpango. Mwaka huohuo ilianza kuzima aina ya zamani ya viongezi, na uBlock Origin kamili ikawa miongoni mwa vilivyotolewa nje. Chromium ni huria, lakini wanaoamua mwelekeo wake wamo ndani ya kampuni moja. Miaka kadhaa kabla ya hapo Brendan Eich, aliyebuni lugha ya JavaScript akiwa Netscape, alikuwa ameuchukua msimbo huo kutengeneza kivinjari cha Brave, akaweka kizuia matangazo ndani ya kivinjari chenyewe.

Hata Firefox haina kinga dhidi ya wafuasi wake. Februari 2025 Mozilla ilipoiwekea Firefox masharti ya matumizi na kuondoa ahadi ya kutouza kamwe data za watu, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba masharti yalirekebishwa ndani ya siku chache. Waliokasirika walikuwa na pa kwenda: LibreWolf, kwa mfano, ni Firefox ileile iliyoondolewa utumaji wa takwimu na kuwekewa mipangilio mikali tangu mwanzo.

Lakini gharama ya injini yenyewe inabebwa na Mozilla, na sehemu kubwa ya mapato yake hutoka Google, inayolipa ili iwe mtambo wa utafutaji wa kwanza ndani ya Firefox. Jaji Amit Mehta wa Marekani, aliyeamua mwaka 2024 kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, angeweza kuyakata malipo ya namna hiyo. Septemba 2025 alipiga marufuku mikataba ya kipekee, akaacha malipo yaendelee. Kwa hiyo kivinjari kinachowazuia wafuatiliaji bado kinaendeshwa kwa fedha za kampuni inayoishi kwa matangazo.