Biashara ya Vikaango vya Kale vya Chuma cha Kusubu

Vikaango vya chuma cha kusubu vinavyogombewa leo na wakusanyaji nchini Marekani vilitoka zaidi katika viwanda vilivyoanzishwa karne ya 19. Griswold ilianza mwaka 1865 mjini Erie, Pennsylvania, na Wagner mwaka 1891 mjini Sidney, Ohio. Chuma kilichoyeyushwa kilimiminwa katika kalibu za mchanga; kilipopoa, upande wa ndani ulichongwa na kusuguliwa hadi ukawa laini.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, vyombo vyepesi vya alumini na vile visivyogandisha chakula viliteka majiko. Kiwanda cha Griswold mjini Erie kilifungwa mwaka 1957, na jina lake likaenda kwa kampuni iliyomiliki Wagner. Viwanda vingi vilivyobaki viliacha kusugua ndani ili kupunguza gharama. Hapo ndipo kikaango cha zamani, chembamba na laini, kilipoanza kutafutwa. Wachuuzi walikiokota kwa bei ndogo katika minada ya mali za marehemu na masoko ya mitumba, na tangu 1995 soko la mtandaoni la eBay likawakutanisha na wanunuzi wa mbali.

Mnunuzi mzoefu hukipindua chombo kwanza asome alama ya chini. Griswold ya Erie hujulikana kwa msalaba ndani ya duara na jina la mji. Toleo lililotengenezwa baada ya kiwanda kufungwa halina thamani kama ya Erie. Namba hufuata ukubwa wa tundu la jiko la kuni: namba 8 imejaa sokoni, namba 13 ni adimu. Kikaango kizima kikigongwa hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti butu. Kikiyumba juu ya meza, kimepinda. Wekundu usiotoka huonyesha kuwa kiliungua motoni. Chombo kilichowahi kuyeyushiwa risasi hakifai kupikia.

Bandia hutengenezwa kwa kalibu iliyopigwa kutoka kikaango halisi. Kwa kuwa chuma husinyaa kikipoa, nakala huwa ndogo kidogo, yenye herufi hafifu na uso unaokwaruza.

Masizi na mafuta yaliyoganda huondolewa kwa kuloweka katika kostiki soda, na kutu kwa umeme ndani ya maji yenye magadi. Kisha chombo hupakwa mafuta kiasi kidogo na kuokwa hadi kiwe cheusi. Kukisaga kwa mashine hufuta kazi ya kiwanda, na bei huporomoka.